Nani Aanze Kumsalimu Chenge

Jumapili, 5 Februari 1995

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Sayansi, darasa la tano. Mkaguzi hajakanyaga hapa tangu mwaka juzi, kwa hiyo kurasa zilizobaki nimejipa mimi. Hellen, mwalimu mwenzangu ambaye nyumba zetu zimeshikana ukuta, anasema anayejiandikia mwenyewe ni mtu asiye na wa kuongea naye. Nimemjibu kwamba wa kuongea nao ninao tele, ila wote wanaongea pamba.

Na kweli ni pamba tu. Kutoka hapa mpaka Magu mjini, saa nzima kwa baiskeli, huoni kingine. Hata mimi Mkerewe, mtoto wa wavuvi, nina eka yangu moja nyuma ya shule. Zamani ushirika ulileta dawa na mabomba ya kunyunyizia. Sasa ni soko huria, kila mtu na lake. Kikundi chetu kina kaya arobaini na moja na bomba moja la kubeba mgongoni, tulilolipata kwa kuchangiana. Linazunguka shamba kwa shamba na vijana sita, kiongozi wao Antoni. Nimeona funza wawili kwenye vitumba vyangu leo, wanene kuliko mimi.

Jumatano, 8 Februari

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 13 Februari

Bomba limepotea. Antoni aliitwa mbele ya Ngosha, mwenyekiti wetu, ambaye pia ndiye mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Akasema, "Jumatano tulilirudisha stoo." Wenzake watano, mmoja mmoja, wakasema, "Ndiyo, tulilirudisha." Mmoja wao, Shimba, alichelewa kidogo kuitikia, nikadhani ana usingizi.

Kama lilirudishwa stoo na stoo halimo, basi limeibwa. Hivyo ndivyo walivyohitimisha, na mimi nikaona ni hesabu safi kabisa.

Jumapili, 19 Februari

Jana sikuweza kuandika. Leo nitajaribu kuandika yote, maana nimeshtuka, na sijui kama nimeshtushwa na wao au na nafsi yangu.

Hapa mwizi asiyejulikana hutafutwa kwa kura. Kila mtu mzima huandika kwenye kipande cha karatasi jina la anayemshuku, kwa siri, na mwenye kura nyingi ndiye. Nilipouliza kama watu wengi wasiojua wanaweza kujua wakijumlishwa, Ngosha alicheka. "Mwalimu, mwaka huu nchi nzima itapiga kura ya vyama vingi. Sisi tunafanya mazoezi. Wengi wape!"

Nikawekewa meza kwenye baraza la darasa la tatu niwaandikie wasiojua kuandika. Wa kwanza alikuja bibi mmoja wa kule mtoni.

"Mwalimu, wenzangu wamemwandika nani?"

"Ni siri, bibi. Tena wewe ndiye wa kwanza."

"Aa. Basi nitangoja." Akaenda kukaa kivulini, na mimi nikacheka.

Wa pili alikuwa mjomba wake Antoni. Huyu hakusita. "Chenge."

Chenge ni mtu wa hapahapa, ila aliishi mjini Mwanza miaka kumi na mitano akifanya kazi kiwandani. Mwaka juzi walipopunguzwa kazi alirudi na mkewe Mhoja kwenye shamba la baba yake. Analima kivyake. Kikundi chetu, ambacho pia hulima kwa ngoma, na ambamo leo watu wote wako kwako na kesho wote wako kwangu, hakuingia. Alisema mgongo wake hauendi na ngoma. Watu walicheka siku ile, lakini hawakusahau.

"Kwa nini Chenge?" nikamwuliza mjomba.

"Mwenye bomba ataiba bomba lake? Aliye nje ya kikundi ni mmoja tu. Halafu pamba yake haina funza. Kwa nini haina?"

Nilikuwa najua kwa nini haina. Kila asubuhi nikienda kisimani namwona yeye na Mhoja wameinama kwenye mistari, wanatoa funza kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji ya majivu. Nimewaona siku nyingi sana. Nikaandika: Chenge.

Wa tatu alikuwa amesimama karibu. "Mimi vilevile." Wa nne: "Kama huyo." Wa tano hakunitajia jina kabisa, alinionyesha kwa kidevu karatasi niliyotoka kukunja. Yule bibi akarudi. "Sasa je?"

Hapa ndipo ninapoona aibu. Nilimwambia, "Wengi wanamtaja Chenge."

"Haya. Niandikie huyohuyo, nisije nikaonekana namficha."

Niliandika jina hilo mara thelathini na nne. Ikabaki karatasi yangu mwenyewe. Hakuna aliyenitazama. Hakuna ambaye angejua. Mkono wangu ukaandika Chenge mara ya thelathini na tano, nikakunja, nikatia kwenye debe. Nimekaa tangu jana natafuta sababu na sijaipata. Sikumshuku hata kidogo. Niliona tu kwamba kuandika jina jingine kungekuwa kama kuvaa sare ya rangi tofauti.

Kura sabini na moja: Chenge sitini na sita, wengine wanne kura moja moja, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, "Sijui." Ngosha aliisoma kwa sauti na watu wakacheka. Mimi mwandiko ule naujua, Chenge hunisaidia kuandika barua za shule kwenda wilayani. Alikuja kupiga kura kama wengine, mjinga wa Mungu, akaandika ukweli peke yake.

Hukumu ni kutengwa. Hakuna kumsalimu, hakuna kumpa moto wala kuchota naye maji, hakuna kumzikia wala kumfurahia, yeye na nyumba yake, mpaka arudishe bomba na kutoa ng'ombe mmoja. Na atakayezungumza naye atatengwa pamoja naye.

Chenge alisimama, kofia mkononi. "Bomba sinalo. Ng'ombe ninaye. Lakini nikimtoa nitakuwa nimekubali. Sasa jamani, hata wewe baba mdogo?" Alikuwa anamwambia Ngosha. Ngosha akatazama debe la kura.

Jumatatu, 27 Februari

Nimekutana naye uso kwa uso njia ya kisimani. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama kila siku. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumamosi, 11 Machi

Kisimani Mhoja akifika wanawake wanatoa ndoo zao na kurudi nyuma hatua kumi. Anachota, anaondoka, wanarudi. Hakuna anayemtukana, na ukimya ule unanitisha kuliko matusi. Leo nimeona kwamba ni mjamzito. Mimba imekuwa kubwa. Na mimi nilirudi nyuma. Nilihesabu hatua, nikafika kumi na mbili.

Wahenga walisema ukifika nchi ya wenye chongo, fumba jicho. Hawakusema ukifumba miezi litafunguka tena au la.

Ijumaa, 24 Machi

Hellen aliniuliza tukiwa tunasahihisha madaftari, bila kuinua kichwa. "Wewe unaamini alichukua?"

"Watu wanajua," nikasema.

"Eti. Hata mimi naona watu wanajua."

Tukaendelea kusahihisha. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo nikagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejibu swali.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua siku ya tatu. Funza wamekula nusu ya eka yangu.

Jumatatu, 17 Aprili

Pasaka imepita. Jana Chenge na Mhoja walikuja kanisani. Benchi walilokaa likawa lao peke yao, na benchi la mbele yake, na la nyuma. Ilipofika mahali pa kutakiana amani, Chenge aligeuka akanyoosha mkono. Mkono ule ulikaa hewani. Watu walikuwa wanashikana mikono kwa bidii kubwa, wengine walimshika jirani mara mbili, ilimradi wasiangalie upande ule. Katekista akaharakisha wimbo. Mimi nilimshika Hellen mpaka akaniambia naumiza vidole vyake.

Niliomba Mungu amtume mtu aende. Niliomba kwa dhati kabisa, nikiwa nimekaa.

Jumapili, 7 Mei

Mhoja amejifungua jana alfajiri, mtoto wa kike. Mkunga alipoitwa alisema mguu unamwuma. Ni Chenge mwenyewe aliyempokea mwanawe, kwa kuelekezwa na mkewe. Sisi tulisikia kilio cha kichanga mpaka huku kwenye nyumba za walimu, maana asubuhi ilikuwa tulivu. Kwa kawaida kilio kile hujibiwa na vigelegele kijiji kizima. Nilisimama mlangoni nikingoja kusikia cha kwanza, kusudi nami nipige. Nadhani kila nyumba kulikuwa na mwanamke amesimama mlangoni. Hakuna aliyepiga.

Mchana nikapika uji, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaufunga kwa kitenge na kuchukua njia ya mzunguko, ile ya kwenye minyaa. Nilikuwa nimekata shauri. Kwenye kona nikakutana na mama Ngosha, mke wa mwenyekiti, na kapu lililofunikwa.

"Mwalimu, unakwenda wapi jua lote hili?"

"Kuchuma mboga za porini, mama. Shikamoo. Na wewe?"

"Marahaba. Kuku wangu kapotea."

Tukasimama. Kapu lake lilinukia samli. Nikajua ametumwa na mumewe kulinda njia, na kwamba huko anakotoka amepewa chakula. Nikasema mboga zenyewe haziko. Akasema kuku naye atarudi mwenyewe. Tukageuka, tukarudi pamoja mpaka shuleni tukizungumza habari za mvua. Uji nimeunywa mimi, na kila funda lilikuwa chungu.

Jumanne, 9 Mei

Leo kulipoanza kupambazuka nimekwenda mpaka kwenye uzio wa minyaa ya Chenge, nikaacha bakuli la maharage chini, nikakimbia. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nimekimbia kama mwizi wa mihogo. Sitarudi kulichukua bakuli. Nimefurahi na nimeogopa, na nimejiona mtu mmoja tu mwenye roho katika kijiji cha mawe.

Jumamosi, 20 Mei

Pamba inapasuka. Utando wa buibui umejaa, jua kali.

Jumamosi, 3 Juni

Bomba limepatikana.

Mjomba wake Antoni alianza kuchuma leo. Kwenye pembe ya mwisho ya shamba lake, chini ya magugu, likaonekana bomba, mikanda imeliwa na mchwa. Watu wakakusanyika, mimi nikiwemo. Vijana sita wakaitwa.

Antoni akajitetea. "Mvua ilitukamata, tukakimbia. Mimi nilijua Shimba kalibeba."

"Mimi nilijua umelibeba wewe," Shimba akasema.

"Sasa mbona niliposema tulilirudisha, uliitikia?"

"Wewe ndiye kiongozi. Wenzangu wote walishaitikia. Ningebishaje peke yangu?"

Kila mmoja wa wale sita alijua mwenzake amelibeba. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linaloninyima pumzi mpaka sasa ninapoandika: hakuna mwongo hata mmoja katika jambo hili lote, na tumekaribia kuua watu.

Yule mjomba, wa kwanza kulitaja jina, alikaa chini palepale kwenye pamba.

Jumapili, 4 Juni

Nilidhani leo watu watakimbilia kwa Chenge. Nilivaa gauni la Pasaka kabisa.

Yeye mwenyewe alipita barabarani asubuhi na baiskeli yake. Nje ya duka la Okeyo, Mjaluo anayetuuzia sabuni na chumvi, tulikuwa watu kama ishirini tukizungumza habari za bomba. Tukanyamaza. Chenge akashuka kwenye baiskeli. Alikuwa amekwisha sikia, ilionekana usoni. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja. Nilimtazama Hellen, Hellen akanitazama, Okeyo akaanza kufuta mizani ambayo ilikuwa safi. Tulikuwa tunangoja mmoja wetu aseme "Mwangaluka." Neno lenyewe lilikuwa kwenye ulimi wangu. Chenge alingoja pia. Halafu akapanda baiskeli akaenda.

"Mwenyekiti atatangaza," Hellen akasema. Wote wakasema ndiyo, mwenyekiti atatangaza, ni utaratibu.

Nilikwenda kwa Ngosha mchana, nimewaka. "Mwenyekiti, bomba lipo. Kwa nini mtu hasalimiwi?"

Alionekana amezeeka. "Kura haikuwa yangu, mwalimu, ilikuwa ya watu. Mkutano ulimtoa, mkutano utamrudisha. Nikienda peke yangu nitaonekana nimewageuka. Ni mtoto wa kaka yangu, unadhani mimi silali nikimwaza?"

"Sasa nenda!"

"Na wewe mbona hujaenda?"

Niliondoka bila kuaga.

Jumamosi, 10 Juni

Mkutano umeahirishwa, kuna msiba.

Jumamosi, 17 Juni

Mkutano umeahirishwa. Lori la mnunuzi mpya wa pamba lilikuja na wote wakakimbilia foleni. Nimepita karibu na kwa Chenge. Mhoja alikuwa anaanika nepi. Nikapunga mkono, lakini alikuwa amekwisha geuka. Pengine nilingoja ageuke.

Jumapili, 25 Juni

Mkutano ulifanyika jana. Haukuchukua hata robo saa. Ngosha aliuliza nani anakubali Chenge arudishwe, na mikono yote ikapaa. Akauliza nani anakubali kijiji kimpe yeye ng'ombe badala ya yeye kumtoa, na mikono ikapaa tena. Niliona nyuso zinang'aa. Watu walikumbatiana. Hellen alilia. Tukaamua twende palepale, wote, ili asianze mmoja. Ng'ombe mbele, ngoma nyuma yake, wanawake tukipiga vigelegele vile tulivyomnyima mtoto. Sijawahi kuona kijiji kimefurahi namna ile. Kwa watu wote pamoja njia ile ilikuwa fupi sana.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Hakukuwa na kuku, wala baiskeli, wala jivu la moto. Ngoma ikanyamaza.

"Wamehama," Shimba akasema. Alikuwa anatazama chini. "Tangu juzi. Utingo wa lori aliniambia aliwaona wanangoja kivuko cha Busisi, na mtoto, na godoro. Wanakwenda upande wa Geita."

"Ulijua, hukusema?" Ngosha akamwuliza.

"Watu walikuwa wamefurahi."

Ndipo tukaona vyombo. Vilikuwa vimepangwa mbele ya nyumba, kwenye udongo uliofagiliwa, mistari miwili, vimeoshwa vikang'aa. Mabakuli, sahani za bati, vibuyu, sufuria mbili, birika, kapu. Nilihesabu ishirini na sita. Sikuelewa. Halafu nikaona bakuli langu jeupe, lile lenye pengo ukingoni, kati ya kibuyu na sahani ya Hellen. Sahani ya Hellen ninaijua, nimekula humo mara mia.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama bakuli langu.

Nikaangalia watu. Kila mmoja alikuwa ameganda, jicho kwenye chombo kimoja, halafu likihamia kwa jirani yake, halafu likirudi chini. Mkunga aliyesema anaumwa mguu alikuwa amefunika mdomo. Mama Ngosha alikuwa anatazama kapu. Lile kapu, ambalo siku nyingine alilifikisha. Kumbe samli ile ilikuwa inakwenda kule kule nilikokuwa nakwenda mimi, na tulirudishana, mimi nikimwogopa yeye na yeye akiniogopa mimi. Kaya arobaini na moja, vyombo ishirini na sita. Walioamini kweli kwamba Chenge ni mwizi walikuwa wapi? Nilizunguka nyuso zote nikiwatafuta.

"Mwenye chombo chake achukue," Ngosha akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyesogea. Ng'ombe alikojoa, tukasikia mpaka tone la mwisho. Hata sasa, baada ya yote, kuchukua kulikuwa ni kukiri, na kila mtu alikuwa anangoja. Nami nilikuwa nangoja. Nilijiona nangoja, kama mtu anavyojiona usoni kwenye maji, na nikajichukia hivi kwamba mguu ukaondoka wenyewe.

Nilikwenda nikainama nikachukua bakuli langu.

Sikuwa nimenyoosha mgongo bado. Hellen alikuwa kando yangu, kisha mkunga, kisha wanawake watatu kwa pamoja, kisha Okeyo na sufuria ya dukani, kisha mama Ngosha akalichukua kapu lake mbele ya mumewe, na mumewe akampisha. Walikuwa wanagongana. Kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuita majina ya darasa la kwanza, hapakuwa na hata kijiko. Kulibaki alama za vyombo kwenye udongo.

Tulirudi kila mtu na njia yake, vyombo vikiwa chini ya kanga.

Bakuli liko hapa mezani, nimelitazama tangu asubuhi. Alihitajika mtu mmoja tu. Si shujaa, si mwenyekiti. Mtu mmoja wa kusema "Mwangaluka" mwezi Februari, na kijiji kizima kingeitikia kabla hajafunga mdomo. Miezi minne tulimngoja mtu huyo. Na kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, mimi nilikuwa namvisha viatu.